Mama Mkwe Haitikii

Kama wiki iliyopita hukupita hapa, nakupa kwa ufupi, maana sina nguvu ya kuaibika mara mbili kwa urefu.

Nilifukuzwa kazi hotelini kwa sababu ya lifti iliyogoma na bwana harusi ndani. Mke wangu akabeba mabegi, akahamia kwa mama yake. Mama yake huyo, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya wenye jengo moja la ghorofa kumi na moja, akanionea huruma. Akanipa kazi ya kutunza mitambo ya jengo lile, na sharti juu yake.

"Siku tisini," aliniambia. "Ukidumu siku tisini bila vituko, binti yangu anarudi kwako. Ukifukuzwa na hapa, mlangoni kwangu usionekane."

Leo nawasimulia siku ya themanini na tisa.

Nakiri mapema, ili msije mkanihurumia bure: kosa lilikuwa langu. Tena kosa lenyewe nililifanya nikicheka.

Mjue kwanza kwamba chini ya jengo kuna chumba cha mitambo, na humo nafanya kazi na fundi bomba mmoja tunayemwita Mzee Spana. Mzee Spana hajaoa, hana haraka, na hujibu maswali asiyoulizwa. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimesimama mbele ya makasha madogo ya kuongoza mitambo, vile vidhibiti vyenye kioo na vitufe, nikijiumauma.

"Namba hizi zitaniua," nikamwambia. "M-moja, F-saba, T-tatu. Nitajuaje nani ni nani?"

"Wape majina. Kidhibiti kinakubali herufi kumi na sita. Mimi spana zangu zote zina majina."

Basi tukawapa. Tangi la maji, ambalo ukilijaza asubuhi mchana ni tupu, tukaliita SHEMEJI, kwa heshima ya kaka wa mke wangu na friji langu. Feni ya kutolea hewa chafu, inayonguruma kutwa na haitoi kitu, nikaiita BABA MDOGO. Na ule mtambo mkubwa wa kupozea jengo zima, ambao ni baridi, una sauti, na ukinuna wote mnatokwa jasho, sikufikiri hata dakika moja. Niliuandika MAMA MKWE.

Mzee Spana alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Kila kidhibiti kina pia nafasi ya maelezo mafupi kwa fundi. Napo tuliandika. Msinilazimishe kuyataja sasa, yatajitaja.

Kuna na pampu mbili za kupandisha maji juu ya paa. Moja ikifanya kazi nyingine hupumzika, na hupokezana kila Alhamisi saa sita kamili mchana, ili isichakae moja peke yake. Nazo zina majina. Kwa sasa niacheni nipumue.

Miezi miwili ikaenda vizuri. Kisha kamati ikaamka na jambo jipya: data za mitambo zipelekwe kwenye wingu, ili kila mjumbe aone kwenye simu yake jengo linaendeleaje, hata akiwa kitandani.

Hapo ndipo alipoingia Mtu wa Tai. Alikuja mkutanoni na tai ya zambarau, tableti, na kauli laini. Kampuni yake ilikuwa na njia yake: kila mtambo unafungiwa kisanduku chake chenye laini yake ya simu, kila kisanduku kinatuma habari kila dakika kwenye wingu la kampuni, na kampuni inaongoza mitambo kutoka huko huko.

"Jengo litajiendesha lenyewe," alisema. "Hamtahitaji hata fundi."

Alisema hivyo akinitazama mimi, na akatabasamu. Nilihisi siku zangu tisini zikinitoka kwa chini.

"Hilo wingu liko wapi hasa?" akauliza Daktari wa Meno, mjumbe kutoka ghorofa ya tatu.

Mtu wa Tai akanyoosha kidole juu. Daktari akatazama dari.

"Liko kwenye chumba," nikasema mimi. "Ni kompyuta za watu wengine, kwenye chumba cha watu wengine, na chumba hicho kina mtambo wa kupozea. Na mtambo huo una fundi."

Mama mkwe akaniangalia juu ya miwani. Mkutanoni huniita Fundi. Akiniita Fundi, niko salama. Akiniita mkwe wangu, jua nimekwisha.

"Fundi, una njia nyingine?"

Nilikuwa nayo. Nikaieleza nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi, kwa sababu mbele yake siwezi kukaa. Kisanduku kimoja tu, nikasema, kikae chumba cha mitambo. Vidhibiti vyetu ni vya zamani, vinaongea lugha yao kupitia nyaya mbili, basi kisanduku kinakuwa mkalimani. Kinawasikiliza wote, kinatafsiri, kinatuma kwenye wingu. Na hakitumi kila dakika. Kinatuma pale tu kitu kinapobadilika.

"Kwa nini kisitume kila dakika?" akauliza Daktari.

"Daktari, ukiwa na jirani anayekugongea kila dakika kukwambia hakuna jipya, siku nyumba yake ikiungua utamfungulia?"

Wakacheka kidogo. Nikaona nafasi, nikaongeza. Kisanduku kinatoa habari nje, ila hakipokei amri kutoka nje. Mtu wa mbali hawezi kutuzimia lifti.

"Na kwa nini usitumie wifi, ukaacha kutandaza waya?" Daktari hakuchoka.

"Chumba kiko chini ya ardhi. Wifi haishuki kule."

"Hata wangu walikuwa hawashuki jikoni," akasema Mama, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Kamati nzima ikaangua kicheko. Mimi nikacheka kwa adabu, mkono mdomoni, maana sikujua kama mkwe anaruhusiwa.

Mama akagonga meza. "Msinieleze zaidi. Nionyesheni. Njia zote mbili zifungwe, zifanye kazi wiki moja bega kwa bega. Alhamisi ijayo saa nne tunakutana hapa, tunaamua. Na ujumbe wote uwe kwa Kiswahili sanifu. Sitaki maneno ya kuokoteza kwenye simu yangu."

Alhamisi ijayo. Nikahesabu. Siku ya themanini na tisa.

Nikashuka chini nikiwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeshakunja mikono ya shati ndipo Mzee Spana aliponiuliza, huku anasugua koki:

"Hicho kisanduku chako kinasoma na majina?"

"Kinasoma kila kitu. Ndiyo uzuri wake."

"Na kinayapeleka kwa mama mkwe wako?"

Nilisimama hapo na bisibisi mkononi. Kijasho chembamba kikanitoka, na Mama Mkwe, yule wa chuma, alikuwa anapoza vizuri tu.

Kubadilisha majina ndani ya vidhibiti vyenyewe kungetaka kusimamisha mtambo mmoja baada ya mwingine, na siku ya kwanza tu ya kusimamisha ubaridi kamati ingeshuka kuuliza. Nikapiga chenga. Nikaacha majina yalivyo kule chini, nikayabadilisha ndani ya kisanduku, kwenye orodha yake ya kutafsiri. Palipoandikwa MAMA MKWE, kisanduku kitume "Mtambo wa Kupozea". Palipoandikwa SHEMEJI, kitume "Tangi la Maji". Mistari yote mia moja na arobaini ya orodha hiyo, mpaka kope zikawa nzito.

"Umewavisha nguo za mkutano," akasema Mzee Spana.

"Ndiyo."

"Lakini chini yake ni wale wale."

Nikamwambia anyamaze.

Na kwa kiherehere changu nikafanya moja zaidi. Kwenye orodha ya watakaopokea ujumbe, chini ya majina ya wajumbe watano, nikaongeza namba ya mke wangu. Alikuwa anafanya kazi duka la dawa, ng'ambo tu ya barabara. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba mume wake siku hizi anaongea na mawingu. Nilimkumbuka, ndiyo. Nyumba ilikuwa kimya, nilikuwa nakula nimesimama.

Alhamisi saa nne nikaingia chumba cha mikutano na shati lililopigwa pasi pande zote mbili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Tuanze."

Mtu wa Tai alitangulia. Tableti yake ilikuwa inapendeza, lazima niseme. Kila mtambo umechorwa, kila mmoja una taa ya kijani, na chini yake maneno: HALI NZURI SANA. Wajumbe wakapokezana tableti kama picha za mtoto mchanga.

"Kijani kila mahali," akasema Mtu wa Tai. "Wiki nzima, kijani."

Ikaja zamu yangu. Nikawaomba watazame simu zao, kisha nikampigia Mzee Spana kule chini afungue mlango wa chumba cha mtambo ili joto liingie kidogo. Baada ya dakika mbili simu zote zikalia kwa pamoja. Raha niliyoisikia, sijaisikia tangu siku ya harusi yangu.

Mama akasoma kwa sauti. "Mtambo wa Kupozea amepanda joto." Akasoma tena, polepole. "Mtambo. Amepanda."

"Ndiyo, Mama. Joto limepanda, na kisanduku kimetoa habari papo hapo."

"Mtambo ni wa ngeli gani, Fundi?"

Wasomaji wangu, nilisahau. Nilibadilisha majina, sentensi za ujumbe nilizokiandikia kisanduku sikuzigusa. Wakati naandika zile sentensi, kichwani mwangu mtambo ule ulikuwa bado ni mtu, tena mtu ninayemfahamu.

"U-I, Mama. Umepanda."

"Basi huyu aliyepanda ni nani?"

"Ni makosa ya uandishi."

Alitoa mkobani kalamu nyekundu, akaivua kifuniko, akaandika kitu kwenye ajenda yake. Miaka sita ya kustaafu, na kalamu bado anatembea nayo. Mtu wa Tai akakohoa kwa raha.

"Naomba niongeze jambo," akasema. "Nina kisanduku kimoja zaidi, cha lifti. Nikikifunga sasa hivi mtaona ni rahisi kiasi gani. Dakika moja tu."

Akashuka. Nilimfuata kwa mawazo, maana nilijua ile soketi ya waya mrefu aliyochomekea visanduku vyake vyote. Ilikuwa imeshabeba saba. Yeye akaenda kuchomeka cha nane, na nguvu za ile soketi zilitoka kwenye waya mmoja na vidhibiti vyangu.

Sauti ya swichi kukatika hatukuisikia. Tulichosikia ni ukimya. Ule mvumo wa ubaridi, ambao ukiuzoea huusikii tena, ukakoma, na wote tukaangaliana.

Simu yangu ikalia. Mzee Spana.

"Huyu mtu amekata umeme wa vidhibiti vyote. Usijali, nimechomoa soketi yake, narudisha sasa hivi."

"Mzee, subiri, usiru..."

Akarudisha. Mzee Spana, siku ambayo ningetaka achelewe, aliwahi.

Niwaeleze kilichotokea, kwa sababu sekunde zile nilikielewa chote na sikuweza kufanya lolote. Kisanduku changu kina betri, hakikuzimika. Vidhibiti vilizimika, vikawaka upya. Na kidhibiti kikiwaka upya hujitambulisha kwa kisanduku, kwa jina lake lile kililopewa. Kisanduku, kwa uaminifu wake, kikasahau orodha yangu na kupokea majina mapya. Hayo ndiyo majina ya zamani. Na mtambo wa kupozea wenyewe hauwaki peke yake umeme ukirudi, mpaka fundi auwashe kwa mkono.

Simu tano zikalia mezani. Ya sita ililia ng'ambo ya barabara.

Daktari wa Meno ndiye aliyesoma, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"MAMA MKWE AMEZIMIKA. HAITIKII."

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

"Mama mkwe wa nani?" akauliza Mama.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikaiacha ipite.

"Wa Mzee Spana," nikasema. "Majina ni yake yeye. Ana utani sana na mama mkwe wake."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Spana mwenyewe, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Mzee," akasema Mama kwa upole, "umeoa lini?"

"Mimi?" akashangaa. "Sijaoa, Mwalimu. Ningeoa, hawa wote wangetunzwa na nani?"

Mama akarudi kwangu. "Endelea, mkwe wangu."

Mkwe wangu. Mbele ya kamati.

Yeye alikuwa ameshagundua kwamba ukibonyeza jina kwenye simu, maelezo yote ya mtambo yanafunguka. Mkalimani wangu mpendwa alikuwa ameyapeleka nayo wiki nzima wenyewe wasijue. Akasogeza miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya kusahihisha insha.

"Mama Mkwe. Akianza asubuhi hupiga kelele. Usibishane naye, atazoea." Akabonyeza. "Mama Mkwe. Akinuna, mzime, hesabu hadi kumi, mwashe tena." Akabonyeza. "Mama Mkwe. Ni wa zamani lakini hafi."

Daktari wa Meno alijifunika uso na ajenda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Hilo la mwisho," nikasema, "ni sifa, Mama."

"Nimelipokea kama sifa."

Kabla sijajua maana ya jibu hilo, tukasikia mbio kwenye ngazi. Mlango ukasukumwa, na mke wangu akaingia na koti lake jeupe la duka la dawa, kipimo cha presha mkononi, kiatu kimoja kimelegea. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamshika mashavu.

"Mama. Umeamka?"

"Nililala saa ngapi?"

"Nimeletewa ujumbe. Umezimika, huitikii. Umetoka kwa huyu." Hakunitazama hata, alinionyesha kwa kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka bado, na mimi pale nilijisikia mtu mbaya kuliko wote waliowahi kushika bisibisi. Mzaha wa kwenye ndoo ulikuwa umemfanya mke wangu akimbie barabarani akidhani ni yatima.

"Kaa, mwanangu," Mama akamwambia. "Aliyezimika ni mtambo wa kupozea. Mume wako ameupa jina langu."

Mke wangu akakaa. Akanitazama sasa. Kisha akatazama simu yake, akaanza kubonyeza.

"Shemeji," akasoma. "Ukimjazia asubuhi, mchana hana kitu. Huyu ni kaka?"

"Ni tangi," nikasema.

"Ni kaka," akasema. Na nikaona, naapa, pembe ya mdomo wake ikicheza. Kaka yake huyo alishamaliza friji la kwao pia.

Ndipo Mtu wa Tai akarudi kutoka chini, anapangusa vumbi begani, hajui lolote. "Samahani kwa usumbufu mdogo. Kama mnavyoona, mfumo wetu haukutetereka." Akaweka tableti katikati ya meza.

Kijani. Kila mahali kijani. Mtambo wa kupozea: HALI NZURI SANA.

Chumba kilikuwa kimeanza kuwa cha moto. Daktari alikuwa amefungua kifungo cha juu. Mama alikuwa anajipepea na ajenda yenye wino mwekundu.

"Huu mtambo wako unaendelea?" akamuuliza.

"Vizuri sana, mama. Ubaridi umetulia kabisa."

"Tangu lini?"

"Data ni za dakika hii."

"Sogea hapa dirishani, ujisikie."

Akasogea. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye tai. Akagusa tableti, akagusa tena. Nikamsaidia kwa roho nzuri: visanduku vyake havina betri, vilizimika pamoja na soketi, na wingu lake likikosa habari huwa linarudia ile ya mwisho. Kila dakika linatuma, ndiyo. Lilikuwa linatuma mambo ya nusu saa iliyopita.

Mama aliweka kalamu chini.

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na nne," akasema. "Nimekuwa na wanafunzi wa kunivisha kilemba cha ukoka na wanafunzi wa kunichora ubaoni nikigeuka. Wale wa kunichora walinikera. Lakini darasa likivuja, wao ndio waliosema." Akageukia kamati. "Kisanduku hiki cha mkwe wangu kimenitukana mbele yenu. Na ndicho peke yake kilichoniambia jengo langu limezima. Hiki kingine kinanisifu mpaka sasa, nami nalowa jasho. Mnasemaje?"

Mikono mitano ikapanda. Mtu wa Tai akafunga tableti, akaondoka na adabu zake zote. Mzee Spana akashuka, akauwasha mtambo, akarudi, na upepo wa ubaridi ukatupiga usoni.

"Majina yabadilishwe," Mama akasema.

"Leo leo, Mama."

"Kule chini, kwenye vidhibiti vyenyewe. Usiwavishe nguo tu." Mzee Spana alikuwa ameshamweleza, bila kuulizwa. "Na ngeli uzirekebishe."

"Ndiyo, Mama."

Aliirudishia kalamu kifuniko. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti. "Kesho ni siku ya tisini. Binti yangu anajua mwenyewe la kufanya, mimi neno langu nimelitimiza. Ila lile la kwamba sifi, liache."

Nilimtazama mke wangu, naye akainama, akakaza kiatu chake kilicholegea, taratibu, kama anayefikiri.

"Nyumba imekaaje?" akaniuliza.

"Kubwa sana," nikasema, na nilimaanisha.

"Kesho nikitoka kazini," akasema, "uje unisaidie mabegi. Yako mawili."

Hapo ndipo ningemwambia kila mtu kwaheri, nikamshika mkono, nikatoka naye. Ndivyo angefanya mtu mwenye akili. Mimi nikabaki nimesimama, nikitabasamu, na sikuangalia saa.

Ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa saa sita kamili.

Simu tano zikalia mezani, na ya sita mkononi mwa mke wangu. Wajumbe wakainua zao, wakasoma, wakazirudisha mezani kimya kimya kifudifudi. Daktari wa Meno akakumbuka ana mgonjwa.

Mke wangu alisoma moyoni kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"MKE MKUBWA AMEPUMZISHWA. ZAMU SASA NI YA MKE MDOGO."

"Ni pampu," nikasema haraka. "Pampu mbili. Za maji. Hupokezana."

"Najua ni pampu," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama ni mtambo wa kupozea, na mama yupo, huyu hapa. Shemeji ni tangi, na kaka yupo. Baba mdogo wako namfahamu. Kila jina humu ndani lina mwenyewe. Mke mkubwa nadhani ni mimi, niliyepumzishwa." Akageuza simu, akanionesha kioo. "Sasa nitajie huyu mwenye zamu."

Nilifungua mdomo. Nilikaa nao wazi sekunde moja zaidi ya inavyomfaa mtu asiye na la kuficha, na wote waliiona sekunde hiyo.

"Usijali, mwanangu," akasema Mzee Spana, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Zamu yake inaisha Alhamisi."

Mama mkwe wangu akavuta kiti chake mbele, akachukua kalamu nyekundu, akaivua kifuniko.